Kopo la majivu ya makaa ya mawe

Jumamosi kijana mmoja wa bodaboda alinibishia hodi hapa Mtwara, mkononi kopo la rangi. "Shikamoo mzee. Nimesikia majivu haya yana madini ya simu." Makaa aliyaokota barabarani, yanakodondoka kutoka kwenye malori yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, akayachoma kwenye jiko.

Hajadanganywa. Kwa wastani wa dunia, tani ya makaa ya mawe ina gramu 70 hivi za madini adimu, yote 17 kwa pamoja: neodimiamu ya sumaku, itriamu, seriamu na wenzao. Makaa yakiungua, hayo hayaondoki na moshi. Yanabaki kwenye majivu, na tani moja ya majivu inafikisha kama gramu 400.

Kazi iko kwenye kuyatoa. Tanuri la mtambo wa umeme hupita nyuzi 1,400. Udongo uliomo kwenye makaa huyeyuka, ukipoa ghafla unakuwa vigololi vya kioo. Kwa vidole ni laini kama unga wa sembe. Kwenye hadubini ni mipira tu, mingine ina hewa ndani na huelea majini. Sehemu kubwa ya madini adimu imefungiwa humo, na tindikali ya kuyayeyusha inalamba juu tu. Aliyewahi kubangua korosho mbichi ananielewa. Majivu yenye chokaa nyingi ni afadhali: kule Marekani, ya makaa ya eneo la Powder River Basin yana madini machache kuliko ya makaa ya milima ya Appalachia, lakini huachia sehemu kubwa zaidi. Ndiyo maana cheti cha maabara chenye namba kubwa hakinibabaishi.

Kioo hicho huvunjwa kwa kuoka majivu pamoja na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, kwenye nyuzi 450, ndipo tindikali ifuate. Maabara zimetoa zaidi ya asilimia 90 kwa njia hiyo, ila kwa kostiki yenye uzito sawa na majivu. Tani nzima ya kostiki kwa gramu 400! Na nyingi kati ya hizo ni seriamu na lanthanamu, za bei ya chee. Mwamba wa Ngualla, Songwe, una karibu kilo 48 za madini adimu kwa tani.

Cha kuchekesha, majivu ya jikoni yana nafuu. Moto wa nyuzi 600 au 700 hauyeyushi udongo, kwa hiyo tindikali inapenya. Kijana alitabasamu, mpaka nilipomwambia kopo lake la kilo 2 halifikishi hata gramu moja.

Lundo la majivu nalo hatuna. Mtambo wetu wa umeme unakula gesi ya Mnazi Bay. Makaa ya bandarini yanapanda meli na majivu yake tumboni. Yanayochomwa kwenye tanuri la saruji, majivu yake yanaingia kwenye klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji.

"Kwa hiyo yapo humu?" akagonga tofali la uzio wangu.

"Huenda, kidogo."

Akataka kuyamwaga kwenye tuta langu la mchicha. Nikamzuia: urani na thoriamu, zenye mionzi, nazo hubaki kwenye majivu.