Jenomu ya mitokondria na nasaba ya nzi

Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwenye uozo. Mbung'o hunyonya damu, na buu wake hukulia tumboni mwa mama, akazaliwa mmoja mmoja akiwa tayari mkubwa. Kwa maisha yao ungedhani ni viumbe wa koo mbili tofauti kabisa, kumbe wote ni wa kundi moja la nzi, Calyptratae. Tabia na umbo hudanganya, ndiyo maana wanaotafuta nasaba ya nzi hutegemea sana DNA, hasa ya mitokondria.

Mitokondria huzalisha nishati ndani ya seli, na zina DNA yao wenyewe, mbali na ile iliyo kwenye kiini. Hiyo DNA yote, mwanzo hadi mwisho, ndiyo jenomu ya mitokondria. Kwa nzi kwa kawaida ni duara dogo lenye jeni 37: 13 za kuunda protini, nyingine za RNA, molekuli zinazosaidia kuunda protini hizo. Iko pia sehemu isiyo na jeni, iliyojaa A na T, mbili kati ya herufi nne za DNA (A, T, C na G), ambayo urefu wake hubadilika sana. Jenomu ya nzi mdogo wa matunda Drosophila yakuba, iliyochapishwa mwaka 1985, ina jozi za herufi 16,019. Ya Drosophila melanogaster inapita 19,000, na tofauti kubwa iko kwenye sehemu hiyo.

Jenomu hii inapendwa kwa sababu nzuri. Kila seli ina nakala zake nyingi mno, kwa hiyo hata nzi mkavu aliyehifadhiwa makumbusho kwa miaka anaweza kusomeka. Hurithiwa kwa mama, na kwa nadra sana huchanganyika na ya baba. Jeni zake hukaa karibu katika mpangilio uleule kwa nzi wengi, hivyo mtafiti huzilinganisha herufi kwa herufi, kisha programu hukadiria mti wa nasaba unaoelezea vizuri zaidi mabadiliko yanayoonekana.

Tatizo ni kwamba zaidi ya robo tatu ya herufi hizo ni A na T. Mahali pamoja panaweza kutoka A kwenda T na kurudi A, bila kuacha alama. Nzi wawili wasio ndugu wa karibu wakafanana kwa bahati tu. Kwa matawi yaliyoachana zamani sana, watafiti wengi huiacha herufi ya tatu ya kila kodoni (kundi la herufi tatu linalotaja amino asidi moja), inayobadilika haraka kuliko zote, au hulinganisha amino asidi, vijenzi vya protini, badala ya herufi.

Kasoro nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba jenomu hii inasimulia ukoo wa mama peke yake. Katika kisiwa cha São Tomé, Drosophila santomea wa rangi ya manjano huishi juu mlimani, D. yakuba huishi chini, na katikati hukutana na kuzaliana. DNA ya kiini inawatenga kama spishi mbili. Ya mitokondria inakaribia kuwafanya mmoja, kwa kuwa mitokondria za yakuba zimeingia kwa santomea. Aliyesoma mitokondria tu angekosea umri wa kuachana kwao. Aliyesoma kiini tu angeweza kutojua kwamba mama wa yakuba waliwahi kuacha uzao mlimani.