Dogo ana "jeni ya spidi", kwani nani hana?

Juzi kaja baba mmoja na bahasha kaishika kama matokeo ya fomu foo vile. "Dokta, soma hapo, mtoto ni wa mita 100 huyu." Kumbe shemeji yake wa Ulaya kawatumia vile vipimo vya mate, wakarudishiwa majibu: ACTN3, RR, yaani jeni ya ACTN3 nakala zote mbili nzima. Nikacheka, halafu nikaona aibu maana hela imeshaenda.

Mi kazi yangu ni fiziolojia ya mazoezi na hii ACTN3 naijua vizuri, ndo inayotajwa kila ukianza ule ubishi wa "weusi wamezaliwa na mbio". Ni jeni inayotengeneza protini fulani kwenye nyuzi za msuli za kuchomokea. Kuna watu wamerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, hao hiyo protini hawana kabisa na wanaishi fresh tu, ila kwenye wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi huwapati kirahisi. Wazungu wa Ulaya wako hivyo kama 18 katika kila 100. Walipopimwa Wakenya na Wanigeria wakaonekana ni mmoja kwa mia, au hakuna. Kwa hesabu hiyo ukisimamisha watu mia pale Kariakoo, konda, mama ntilie, muuza mitumba, karibu wote hiyo jeni ya spidi wanayo, haya niambie wangapi wanamaliza mita 100 chini ya sekunde 10.

Halafu cheki kichekesho chenyewe, Wakenya wamejaa jeni ya mbio fupi na wanatawala nini? Marathoni! Wa mbio fupi wanaye Omanyala na 9.77 yake ya 2021, wa mbio ndefu utachoka kuwahesabu.

Hapo mbishi anahama, aah basi ni damu ya Wakalenjin, lile kabila la Kenya la wakimbiaji. Sikatai yote. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia waliwapima miaka ya 90, wakakuta kiwango cha juu cha oksijeni mwili unachoweza kutumia hakiachani kihivyo na cha wakimbiaji wazuri wa kwao, ila kwa spidi ileile Mkenya anatumia oksijeni kidogo zaidi, na sababu mojawapo ni shavu la mguu jembamba. Mguu unarushwa mbele kila hatua, kwahiyo gramu za huku chini ndo zinazokula nguvu, we jaribu kukimbia na gambuti utanielewa. Na umbo la mguu linarithiwa ndio, lakini hilo ni umbo la watu wa sehemu fulani, sio la ngozi nyeusi, Mpigmi wa Kongo na Mdinka wa Sudan Kusini wote weusi na wasimamishe uone kama wanafanana. Afrika ndo bara lenye vinasaba vya aina nyingi kuliko yote, sasa unatuwekaje fungu moja?

Alafu ukiangalia ramani, Iten ya Kenya iko mita kama 2,400 juu ya bahari, Bekoji ya Ethiopia imepanda zaidi, na huku kwetu Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, 3:32.16, katoka nyanda za juu za Karatu. Wakalenjin wa Iten, Waoromo wa Bekoji, Wairaqw wa Karatu, kila mtu na lugha yake, kinachofanana ni mlima, na kwamba mtoto akishaona jirani kajenga nyumba kwa hela za mbio naye kesho alfajiri yuko barabarani.

Jeni moja yenye nguvu ya kueleweka kabisa michezoni ipo, inaongeza chembe nyekundu za damu kupita kiasi. Ilikutwa kwenye ukoo wa Eero Mäntyranta, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji. Mfini, mzungu.

Yule baba nilimweleza yote haya, hakufurahi. Nikamgeukia dogo, ana miaka 11, we mwenyewe unapenda nini? Akasema golikipa.