Jiwe la Matumbawe na Mambo Yanayochanganywa Katika Sayansi ya Dunia

Chukua kipande cha jiwe la matumbawe, lile jiwe jeupe lenye vitundu ambalo watu wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, wamelijengea nyumba, misikiti na makaburi kwa karne nyingi. Likwaruze kwa msumari mpaka upate unga kidogo, kisha kamulia matone mawili matatu ya ndimu juu ya unga huo na uinamishe uso karibu. Utaona mapovu madogo yakichemka juu ya unga. Sasa rudia jaribio hilo kwa jiwe la granaiti kama yale majabali ya Mwanza: ndimu italilowesha tu, wala hakuna povu litakalotokea.

Ninawaanzishia wanafunzi na jaribio hili kwa sababu wengi wao hutaja bila kukosea aina tatu za miamba, yaani miamba ya moto, ya mashapo na iliyogeuzwa, lakini wakikabidhiwa jiwe mkononi husita. Wamekariri majina kabla ya kuelewa matukio yaliyoyazaa. Granaiti ilitokana na miamba iliyoyeyuka ikapoa polepole sana chini ya ardhi, na ndiyo maana chembe zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Jiwe la matumbawe halikupitia moto wowote. Lilijengwa na viumbe hai wa baharini waliochota kalsiamu kaboneti kutoka majini na kujifanyia mifupa, kizazi juu ya kizazi, pamoja na magamba ya kombe na konokono yaliyogandamana nayo. Huo nao ni mwamba wa mashapo, ingawa mwanafunzi aliyezoea kusikia mashapo yakitajwa pamoja na mchanga na matope huona ajabu kuambiwa hivyo. Mwamba wa chokaa, ambao jiwe la matumbawe ni aina yake mojawapo, ukizikwa chini sana ukapata joto na mgandamizo mkubwa, hugeuka marumaru pasipo kuyeyuka. Laiti ungeyeyuka, tungeuhesabu katika miamba ya moto.

Sehemu kubwa ya mawe ya matumbawe tunayoyakanyaga karibu na ufuko ilijengeka takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa mita kadhaa juu ya usawa wa leo kwa kuwa barafu iliyoko nchi kavu ilikuwa imepungua. Kwa hiyo anayesimama juu ya jabali la matumbawe lililo kavu kabisa anasimama juu ya sakafu ya bahari ya zamani.

Jambo la pili linalochanganywa ni kuchakaa kwa miamba na mmomonyoko. Mwamba huchakaa pale pale ulipo, kwa kuvunjika au kwa kuliwa na maji na hewa, ilhali mmomonyoko ni kuchukuliwa kwa kilichovunjika na kupelekwa mahali pengine. Mvua inaposhuka hubeba hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, na kuwa asidi dhaifu sana, dhaifu kuliko ndimu yetu, lakini yenye muda wa kutosha. Ndiyo iliyochimba mapango ya Amboni karibu na Tanga katika mwamba wa chokaa wa kale zaidi ya matumbawe yetu. Makorongo ya Kondoa ni habari nyingine. Pale udongo ulikwisha kuwa tayari, ukabaki wazi bila majani ya kuushika, na maji ya mvua yakauchukua kwa wingi hata ikabidi mwaka 1973 uanzishwe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO.

Turudi kwenye yale mapovu. Ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na mchomaji wa chokaa huifungua kwa moto wa tanuri badala ya ndimu. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi zikichomwa mpaka ziive hubakisha kilo 56 za chokaa, na kilo 44 hupotea angani, nazo zote ni hewa ukaa, mbali na ile inayotokana na kuni zenyewe. Chokaa ikishazimwa kwa maji na kupigwa ukutani, hunyonya taratibu hewa ukaa kutoka angani na kukaribia kuwa jiwe tena. Utengenezaji wa saruji nao huanza kwa kuchoma mwamba wa chokaa, hivyo hutoa gesi hiyo hata kabla hatujahesabu moshi wa makaa.

Hapa ndipo kosa ninalokutana nalo kuliko yote huingia: mwanafunzi huandika kwamba hewa ukaa hutoboa tabaka la ozoni, na kwamba jua linalopita kwenye tundu hilo ndilo linaloipasha dunia joto. La, hayo ni mambo mawili. Hewa ukaa ni gesijoto. Huruhusu mwanga wa jua kufika ardhini na kuzuia sehemu ya joto ambalo ardhi hulirudisha angani. Ozoni iliyo juu hutukinga na miale ya urujuanimno, na kilichoidhuru zaidi ni kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, ambazo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianza kuzidhibiti.

Limebaki suala la udongo, ambalo vitabu hulipitia upesi mno. Katika machimbo ya Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya saruji uliacha sakafu ya mawe matupu. Kuanzia mwaka 1971 ilijaribiwa miti mbalimbali, na mivinje ikastahimili, kwa kuwa mizizi yake hukaa na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani yake magumu yalirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna. Kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikachanganyika na unga wa mawe, ikashika maji, na miti mingine ikapata pa kuota.