Monemvasia: Mji Ulioishi kwa Maji ya Mvua

Kusini-mashariki mwa Peloponnese, katika mkoa wa Laconia nchini Ugiriki, liko jabali lililojitenga baharini, likiunganishwa na bara kwa njia nyembamba ya takriban mita 200. Ukilitazama kutoka bara huoni nyumba hata moja. Mji wa Monemvasia umejificha ubavu wa pili, unaoelekea baharini. Kuta zimeuzunguka pande tatu. Upande wa nne mwamba wenyewe ndio ukuta.

Wengi huanza kuusimulia mji huu kwa vita. Mimi naona ni bora kuanza na maji, maana jabali lile halina mto wala shamba la kulisha mji. Watu waliolikimbilia karne ya 6, Waslavi na Waavari walipokuwa wakivamia Ugiriki, walipata usalama, lakini maji yao yalikuwa ya mvua. Kwa hiyo walijenga nyumba zao juu ya mabirika. Mvua ikinyesha, vigae vya paa huyateremsha maji kwenye mfereji, kisha mabomba ya udongo yaliyopachikwa ukutani huyashusha hadi chini ya sakafu, ndani ya chumba kilichopigwa lipu isiyopitisha maji. Juu kabisa, kwenye uwanda wenye kimo cha mita 100 hivi, yalijengwa mabirika makubwa zaidi kwa ajili ya mji wa juu na ngome.

Maji yakiwapo, silaha ya adui ilikuwa njaa. William wa Villehardouin, mtawala Mfranki (mtu wa Ulaya Magharibi) wa Achaea, dola ya wapiganaji wa msalaba huko Peloponnese, aliuzingira mji kwa nchi kavu na kwa bahari hadi ukasalimu amri mnamo 1248. Kitabu cha kale cha historia ya Morea, jina la zamani la Peloponnese, kinasimulia kwamba mzingiro huo ulichukua miaka mitatu, na wenyeji walifikia kula panya na paka. William naye alitekwa vitani Pelagonia mwaka 1259, na ili aachiliwe ilimbidi aurudishe mji kwa mfalme wa Bizanti, dola ya Kigiriki iliyoumiliki hapo awali, mwaka 1262. Hapo ndipo neema ilipofunguka: wafanyabiashara wa mji walisamehewa kodi nyingi, na divai tamu ya malvasia iliyopitia bandarini kwao ikanyweka hadi Uingereza.

Baadaye mji ulipokezanwa: Venice mwaka 1464, Waturuki wa Kiosmani 1540, Venice tena 1690, Waosmani tena 1715. Julai 1821 Wagiriki waliopigania uhuru waliutwaa, na safari hii pia ni njaa iliyofungua lango.

Kilichouangusha hasa ni kukauka kwa biashara. Mfereji wa Corinth ulipofunguliwa mwaka 1893, meli nyingi hazikulazimika tena kuzunguka rasi ya Malea. Mji wa juu ukahamwa. Kanisa la Hagia Sophia la karne ya 12 bado limesimama ukingoni mwa mwamba, katikati ya magofu. Mshairi Yannis Ritsos, aliyezaliwa mji wa chini mwaka 1909, alikulia mahali palipokuwa pakififia.

Kazi ya kuufufua, ambayo wasanifu majengo Alexandros na Haris Kalligas waliifanya kwa miongo mingi, imeurudishia mji wa chini mapaa na kuta zake. Magari hayaingii langoni. Nyumba nyingi sasa ni za wageni, na wakazi walio wengi wanaishi Gefyra, ng'ambo ya njia ile. Ukijaliwa kufika, kabla ya kupanda ngomeni omba uoneshwe birika la nyumba uliyofikia, ufuate kwa macho mfereji wake hadi paani.