"Mwalimu, mimi sina karama"

Kila semina ninayofundisha hapa Unguja kuhusu karama, yaani vipawa ambavyo Roho Mtakatifu huwapa waumini, lazima anyanyuke mtu aseme: "Mwalimu, mimi sina karama, nahudhuria tu." Na mara nyingi anayesema hivyo ndiye anayefungua kanisa asubuhi, ndiye anayejua nani hajaonekana wiki mbili na nani kalazwa Mnazi Mmoja. Sentensi hii imenichosha. Inawanyima watu wa Mungu furaha ya kazi ambayo tayari wanaifanya.

Chanzo chake ni dhana kwamba karama ni jambo la mbele, penye maikrofoni: kuhubiri, kuimba, kunena kwa lugha, kuombea wagonjwa. Asiye na kimojawapo anajihesabu mtazamaji. Lakini 1 Wakorintho 12:7 inasema kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana. Kila mmoja! Katika 12:28, masaidiano na maongozi yametajwa sentensi moja na karama za kuponya na aina za lugha. Warumi 12:6–8 haitaji lugha kabisa. Inataja huduma, kufundisha, kuonya, kukirimu, kusimamia na kurehemu. Petro naye (1 Petro 4:10–11) ana mafungu mawili tu, anayesema na anayehudumu. Orodha hizi hazilingani, wala siamini kwamba hata moja iliandikwa iwe kamili.

Sisi wa Zanzibar ndio tusiopaswa kusahau hili. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililosimama palipokuwa soko la watumwa na kuwekewa jiwe la msingi Krismasi ya 1873, tunalitaja pamoja na jina la Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi wake, na ni haki yake. Lakini sehemu ya maandiko ya Kiswahili aliyoyatayarisha ilipigwa chapa hapahapa na vijana waliokombolewa utumwani, waliofundishwa kupanga herufi moja moja. Waliosoma kurasa zile walijengwa na vijana hao pia, ingawa majina yao hatuyataji Jumapili.

Kuhusu fomu za kujipima karama, zile za maswali mengi ya kuweka tiki: zinapima mtu anapenda nini, basi. Ambaye hajawahi kumtembelea mgonjwa atajuaje kama ana karama ya kurehemu? Mpeni mtu kazi tatu tofauti, kila moja mwezi mmoja, kisha waulizeni waliohudumiwa. Msimuulize yeye peke yake, kwa kuwa wengi hawaioni karama yao: kwao ni kitu chepesi, wanadhani kila mtu anakiweza.

Hapa nina shaka moja, na ni bora niiseme. Vitabu vingi vinachora mstari ulionyooka kati ya kipaji cha kuzaliwa na karama ya Roho. Mimi mstari huo siuoni vizuri. Mwalimu wa skuli ya serikali ambaye pia anawafundisha watoto Jumapili wakaelewa, uwezo ule kaupata chuoni au kwa Roho? Sijapata jibu linaloniridhisha. Ninachobaki nacho ni kipimo cha 1 Wakorintho 14:26, mambo yote yatendeke kwa kusudi la kujenga. Baada ya kazi yake, yupo aliyesimama imara kuliko jana?

Sasa kutia moyo, ambako ndiko tunakoharibu zaidi.

Kutia moyo si kumwaga sifa. "Ubarikiwe mtumishi" kwenye kundi la WhatsApp, na mikono ya maombi kumi na mbili chini yake, haimjengi mtu, kwa sababu hajui amefanya nini cha kubarikiwa. Neno linalojenga lina vitu vitatu: tendo uliloliona kwa macho yako, tunda lake, na hatua inayofuata. Mfano: "Mama, Jumapili ulimwita yule binti mgeni akae na wewe, ukamfungulia wimbo kitabuni. Baada ya ibada aliuliza jumuiya inakutana wapi. Mpigie simu kabla ya Ijumaa." Semeni ndani ya siku chache, ana kwa ana. Mkichelewa mwezi, tendo limeshasahaulika na neno lenu litasikika kama hotuba ya kuagana.

Mtazameni Barnaba. Katika Matendo 9:26–27 wanafunzi wa Yerusalemu wanamwogopa Sauli (ndiye Paulo), aliyekuwa akiwatesa, hawaamini kwamba ni mwanafunzi. Barnaba hamwambii Sauli "usijali, Mungu anakuona". Anamtwaa, anampeleka kwa mitume, anawaeleza jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani na alivyonena kwa ushujaa Dameski. Ametoa ushahidi kamili mbele ya wenye uamuzi, na amehatarisha jina lake mwenyewe. Baadaye (11:25–26) anasafiri hadi Tarso kumtafuta, anamleta Antiokia, na mwaka mzima wanafundisha pamoja. Na mwenye karama hii asidhani atapendwa na wote: kwa ajili ya Yohana Marko, ambaye Barnaba alitaka wamchukue tena safarini, yeye na Paulo walishindana hadi wakatengana (15:37–39).

Kosa la pili ni kumpa kila mtu dawa moja. 1 Wathesalonike 5:14 inatenganisha: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliovunjika moyo wafarijiwe, wanyonge wasaidiwe. Sisi tunageuza. Mweka hazina asiyeleta hesabu tunamwambia "Mungu atakuinua", kisha mjane wa wiki mbili tunamkemea, "usilie, kuwa na imani." Wote wawili wanaondoka wameumia, ingawa yule wa kwanza ataligundua baadaye.

Wodini: nendeni wawili, katika saa za kuwaona wagonjwa, mkae dakika kumi hadi kumi na tano. Msikae kitandani. Msiulize ugonjwa, akitaka atasema. Muulizeni kama angependa aombewe, kisha ombeni kwa sauti anayoisikia yeye peke yake, dakika moja au mbili. Kitanda cha pili yupo mgonjwa Muislamu na ndugu zake, na mahubiri ya sauti kubwa yanamwachia mgonjwa wenu aibu ya kubaki nayo mkishaondoka. Kama mmebeba chochote, mpeni ndugu anayemuuguza, kimya kimya, na mumuulize yeye naye amekula saa ngapi. Kinachoharibu ziara nyingi ni wingi: watu saba, kila mmoja na neno lake, na mgonjwa anajilazimisha kuwachangamsha wageni.

Katika jumuiya ya nyumbani, watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Paulo mwenyewe aliweka kikomo, wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:27–29). Anayesema "Bwana ameniambia umwoe fulani" naye apimwe, na kikundi kina haki ya kumwambia hapana. Mwezi wa Ramadhani kutaneni baada ya futari, wala msiweke chai mchana barazani. Jirani pia ana macho.

La mwisho ni la visiwani hasa. Waumini wetu wengi ni askari, walimu, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Shifti inawala Jumapili, na barua ya uhamisho inakuja bila kubisha hodi. Hapa mwenye karama ya kusimamia ana kazi ambayo mhubiri haiwezi: daftari lenye siku ya mapumziko ya kila mtu, ili aliyekosa Jumapili atembelewe Jumanne yake ya kupumzika. Na mtu akihamishiwa Wete au Chake Chake kule Pemba, msimuage kwa wimbo tu. Kabla hajapanda boti, mpigieni simu kiongozi wa kule mkiwa naye hapo, mtaje jina lake na kazi aliyokuwa akiifanya kwenu: "alikuwa anawafuatilia wageni, mpeni hiyohiyo." Wiki ya tatu mpigieni tena kiongozi huyo, mumuulize kama ndugu yenu amepewa kazi hiyo.