Nyaya zisizojulikana kwenye boti ya mtumba: zifuate kabla hujazikata

Ukifungua kifuniko cha dashibodi ya boti ya faiba iliyopita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne, utakuta fungu la nyaya lisiloeleweka. Mmoja aliongeza redio, wa pili akaweka kitafuta samaki, wa tatu akaunga taa ya kuvulia na pampu ya pili, na hakuna aliyeondoa cha mwenzake. Mnunuzi mpya akiona nyaya nyingi nyekundu na nyingi hazina kazi, mkono humwasha achukue kisu. Asikichukue. Waya ukishakatwa umepoteza ncha iliyokuwa ikieleza kazi yake, na huenda ndio uliokuwa ukiamsha pampu ya ngama (ile inayotoa maji yanayotuama chini kabisa ya boti) usiku, boti imefungwa na hakuna mtu ndani.

Rangi isikudanganye. Boti zilizojengwa Marekani kwa kufuata viwango vya ABYC, baraza la Marekani la viwango vya boti, zina utaratibu: nyekundu ni chanya, nyeusi au njano ni hasi, kijivu ni taa za safari, kahawia ni pampu, waridi ni geji ya mafuta. Utaratibu huo hudumu mpaka siku fundi wa kwanza alipoishiwa na waya wa kijivu akatumia aliokuwa nao mfukoni. Tena mashine zina rangi zake. Kwenye Yamaha zinazofungwa nje ya boti, zilizojaa pwani yetu na ziwani, njano ndio umeme wa swichi ya ufunguo, kahawia ni kuwashia, na nyeupe ni waya wa kuzimia. Kwenye Mercury, wa kuzimia ni mweusi wenye mstari wa njano. Huo wa kuzimia ukiupa volti 12 kwa kubahatisha, unaweza kuunguza kisanduku cha cheche papo hapo, na bei yake si ya mchezo. Kwa hiyo fungu la nyaya linalotoka kwenye mashine liache pembeni. Hilo hufuatwa kwa ramani ya mtengenezaji, halijaribiwi kwa betri.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni boti yenye soketi ya umeme wa gatini, yaani umeme mkubwa wa majumbani unaovutwa kwa kebo kutoka nchi kavu. Kwenye mfumo wa betri waya mweusi ni hasi usio na madhara, lakini kwenye umeme mkubwa wa Kimarekani mweusi ndio wenye moto. Wa Ulaya wenye moto ni kahawia, rangi ile ile ya pampu. Chomoa kebo ya gatini, zima jenereta na inveta, kisha hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme. Nyaya za umeme mkubwa zikiwa zimechanganyika na za volti 12 katika fungu moja, mwite fundi mwenye leseni.

Vifaa vyenyewe si vingi: mita ya kidijitali, waya mmoja laini wa mita 10 au 15 wenye klipu za meno kila upande, tochi ya kichwani, kioo kidogo, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, kalamu isiyofutika na daftari. Ongeza balbu ya breki ya gari, volti 12 wati 21, ikiwa kwenye soketi yake yenye nyaya mbili. Balbu hiyo itafanya kazi kubwa kuliko mita.

Kwanza fungua milango yote upitishe hewa, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ngamani. Piga picha za kila kona. Kisha toa waya wa hasi kwenye betri, baadaye wa chanya. Hasi hutangulia kwa sababu spana ikigusa chuma cha mashine wakati unafungua chanya, na hasi bado ipo, utapata cheche na pengine moto.

Sasa anzia kwenye betri. Hesabu kila waya uliokaa kwenye nguzo ya chanya na uupe namba kwa tepu. Boti ya mita saba haihitaji zaidi ya mitatu au minne: wa mashine, wa paneli ya swichi, wa pampu ya ngama yenye kielea (swichi inayoelea na kuiwasha maji yakipanda), pengine wa redio. Ukikuta tisa, sita kati yake ndizo zitakazokula muda wako. Baada ya hapo nenda upande wa pili, kwenye vifaa: taa za omo, taa ya tezi, pampu, honi, nako utie namba. Kati ya ncha hizo kuna giza la chini ya sakafu ya faiba, na si lazima uivunje.

Kuoanisha ncha ni kazi ya mita na ule waya mrefu. Ifungue ncha pande zote mbili, bana klipu kwenye ncha moja, peleka waya mrefu hadi upande wa pili, kisha, mita ikiwa kwenye kipimo cha mlio, pima kati ya waya huo na ncha moja moja hadi ilie. Hapa wengi hukosea: wanaacha kifaa kimeunganishwa. Balbu baridi ya wati 10 ina ukinzani wa takriban ohmu moja na nusu, na mota ya pampu ni chini ya hapo au karibu, kwa hiyo mita italia kupitia balbu na kurudi kwa waya mwingine kabisa. Utaandika jina lisilo lake. Mita ikishalia, soma namba pia. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10 unapaswa kuwa na takriban ohmu 0.12, ukitoa ukinzani wa nyaya zako za kupimia. Ukisoma ohmu tatu au tano, umepata waya sahihi ulio mgonjwa: chumvi imepanda ndani ya ganda na shaba imegeuka nyeusi. Chubua kidogo uone. Kama bado ni nyeusi baada ya sentimita kumi, usihangaike nao, badilisha wote.

Mita ina udanganyifu mwingine. Uzi mmoja wa shaba uliobaki ukipitisha umeme, mita itaonyesha volti 12.6 safi, lakini taa haiwaki. Mita hainywi umeme wa kutosha kuufichua uzi ule. Balbu inaufichua, kwa sababu inadai karibu ampea mbili.

Ndiyo maana kwa ncha iliyobaki bila mwenza tunapendekeza jaribio la balbu. Chukua betri ndogo ya ampea-saa 7, ipitishe chanya yake kwenye fyuzi ya ampea 3 na ile balbu ya breki, kisha gusa waya usiojulikana. Hasi ya betri ndogo iunge na hasi ya boti. Waya ukiwa na shoti, balbu itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachoungua. Ukielekea taa ya safari ya zamani, taa itawaka kiasi na balbu yako itafifia. Ukielekea pampu, utasikia mvumo mzito kutoka ngamani. Taa ya LED itawaka vizuri na balbu yako isionyeshe chochote, lakini LED ikiunganishwa kinyume haiwaki, kwa hiyo usiihukumu mfu mpaka uwe umegeuza chanya na hasi. Kukiwa kimya kote, waya umekatika au hauendi popote. Jaribio hili usilifanye kwenye redio, kitafuta samaki wala nyaya za mashine.

Kuna nyaya mbili zinazoonekana kama makosa kumbe si makosa. Swichi ya taa za safari yenye ngazi tatu hutoa nyaya mbili: ngazi moja inawasha taa nyeupe ya kuonekana pande zote peke yake, kwa boti iliyotia nanga, nyingine inawasha ile ile nyeupe pamoja na nyekundu na kijani, kwa boti inayokwenda. Na pampu ya ngama huwa na njia mbili za chanya, moja kupitia swichi ya mkono na nyingine moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye kielea. Ya pili ikikatwa kwa sababu "haipiti kwenye swichi kuu", boti itazama gatini mvua ya kwanza.

Nyaya za kijani, au kijani na njano, usizitoe kwa kuwa tu hazibebi umeme. Huunganisha tangi la mafuta, shingo yake ya kujazia na vyuma vya chini ya maji, ili umeme tuli usilete cheche wakati wa kujaza petroli na vyuma visiliwe ovyo.

Betri ikishaunganishwa tena, zima kila kitu na upime umeme unaovuja: weka mita kwenye ampea, kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Usiwashe mashine wakati huo, fyuzi ya mita itakufa. Ampea 0.05 inavumilika, betri ya ampea-saa 70 itachukua karibu mwezi kufika nusu. Ampea 0.5 itaifikisha hapo kwa siku tatu tu. Chomoa fyuzi moja moja, na ile inayoshusha namba ndiyo njia yenye mwizi.

Kila waya wa chanya uliobaki upewe fyuzi ndani ya sentimita 20 kutoka betri, isipokuwa ule wa kuwashia mashine: ampea 10 kwa waya wa 1.5, ampea 15 kwa wa 2.5. Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Uliothibitika hauna kazi uvute utoke wote. Ukigoma, funika ncha zote mbili kwa mpira unaosinyaa kwa moto na uandike "HAUTUMIKI" pande zote. Waya wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu, pamoja na maungio ya kusokota yaliyozungushiwa tepu, yatoe hata kama yanafanya kazi leo, kwa kuwa mtikisiko wa mawimbi huuvunja. Namba za tepu ya karatasi zihamishie kwenye lebo za plastiki siku hiyo hiyo, maana unyevu wa ngama huzitoa ndani ya wiki mbili.