Msiniambie tena kriketi ni mchezo wa wapole

Juzi tena, kijiweni kwa kahawa hapa Mtwara, mzee ninayemheshimu sana kaniambia: "Mwalimu, hao mashabiki wa kriketi wa timu pinzani wanakaa pamoja jukwaani kwa sababu mchezo wao wa kistaarabu. Sisi wa mpira wahuni." Nafundisha kriketi shuleni na nasimama mwamuzi. Kauli hii nimeichoka.

Tarehe 13 Machi 1996, uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, India, nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, India na Sri Lanka. India wanafukuza rani 252, yaani pointi za kushinda. Wako 98 kwa wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu katolewa, kisha Tendulkar, nyota wao, anatoka, wiketi zinapukutika hadi 120 kwa 8. Chupa zikamiminwa uwanjani, moto ukawashwa majukwaani, mechi ikavunjwa, Sri Lanka wakapewa ushindi. Ustaarabu ulikuwa wapi siku ile?

Kinachowakalisha pamoja ni muda. Mpira ni dakika 90, bao moja linakuua. Mechi ya Test, ile kriketi ndefu ya mataifa, ni siku tano: kuna kula, kuna chai, kuna ova nzima, mipira sita ya kurushwa, hapatokei kitu. Jirani huwezi kumnunia siku tano, mwisho utamwomba chumvi ya yai.

Ila linaloniuma zaidi ni utani wetu kuitwa uhuni. Mwaka fulani Yanga waliwafunga Simba, vijana wa mtaani kwetu wakatengeneza jeneza la boksi la sabuni, wakalifunika kitambaa chekundu, wakalibeba huku wanaomboleza hadi kwa mama lishe mmoja, Simba damu. Mama akatoka kajifunga kanga kichwani, akaketi chini, akapokea rambirambi, mia mbili mbili. Akazihesabu mbele yao, akasema: "Ya sanda bado." Wakachanga tena. Jioni walikula wali kwake. Ni utani wa msibani ule ule, wa mtani kuzuia jeneza mpaka alipwe.

Sasa watazameni hao wastaarabu. Agosti 1882, pale uwanja wa Oval, London, Australia waliwafunga Uingereza kwa rani 7, na gazeti la Sporting Times likatoa tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza: mwili utachomwa, majivu yapelekwe Australia. Majivu hayo wanayagombea mpaka leo! Kijichungu chenye majivu hayo kina urefu wa sentimita 11 hivi, na kinakaa uwanja wa Lord's, London, hata Australia wakishinda. Yule mama lishe angewaelewa mara moja.

Nakiri hoja yangu ya muda ina tundu. Januari 1999, Chennai, Pakistan waliwafunga India kwa rani 12, na uwanja mzima ukasimama kuwapigia makofi. Wiki chache baadaye timu hizo hizo zilikutana Eden Gardens, mechi ya Test vilevile, na ikamaliziwa mbele ya viti vitupu kwa sababu watazamaji walitolewa nje. Tofauti ninayoiona mimi: Kolkata, Tendulkar alitolewa kwa rani auti, yaani wiketi yake ilivunjwa kabla hajamaliza kukimbia hadi mstarini, baada ya kugongana na Shoaib Akhtar, mrushaji wa Pakistan, watu wakaona kaonewa. Chennai walishindwa tu.

Hilo linanihusu mimi mwamuzi kuliko siku tano za chai. Kwa hiyo nikimtoa mtoto kwa rani auti, namwita pale pale kwenye mstari, namwonyesha mguu wake ulipokuwa, kabla mama yake hajafika kwenye kamba ya mpaka wa uwanja.